Mashine ya "mpya, boksi" na tarehe inazozibeba

Bumu, yaani fedha ya mkopo ya wanafunzi wa chuo, likitoka, njia nzima ya Mazimbu inajua. Foleni za mawakala wa fedha zinarefuka, magodoro yanapanda bodaboda, na haipiti wiki wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaanza kuingia dukani kwangu na kompyuta mpakato begani. Nina steshenari hapa Morogoro. Naprinti, natoa kopi, nabaindi ripoti, na kwenye meza ya pembeni nakarabati kompyuta. Wanakuja kuwekewa programu za masomo: QGIS ya ramani kwa watu wa misitu, R au SPSS za takwimu kwa watu wa uchumi kilimo. Hapo ndipo ninapokutana na mashine zilizouzwa kwa jina la mpya ambazo zimeshafanya kazi miaka mitano, sita, kwenye ofisi ya mtu mwingine.

Sina ugomvi na mtumba, na hilo nataka lieleweke mapema. Mimi mwenyewe nafanyia kazi Lenovo ThinkPad T480 ya mtumba, niliyoinunua nikijua ni mtumba, na siibadilishi na zile mpya za bei rahisi zenye prosesa dhaifu ya Celeron na RAM ya GB 4 ambazo zinakwama ukifungua ramani moja. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka mitatu au minne hivi. Zinakusanywa, zinafutwa data, zinasafishwa, nyingine zinawekwa betri au diski mpya, kisha zinauzwa tena. Hiyo ndiyo rifabishi. Nyingi zinapitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo, Dar es Salaam. Na zitaendelea kuja kwa wingi, kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi yenye mashine za kizazi cha sita na cha saba inaona heri iziuze zote kwa mkupuo.

Mwenye duka akikwambia, "Dada, huu ni mtumba, betri nimebadilisha, nipe laki sita na nusu," amefanya biashara ya haki na Mungu ambariki. Lakini akiitia mashine ileile kwenye boksi jipya, akaizungushia nailoni, akamuuzia mtoto wa watu milioni moja na laki mbili kwa jina la mpya, amemwibia mara mbili. Amechukua tofauti ya bei, na amechukua miaka ambayo mzazi alidhani mashine itamvusha mwanawe hadi mahafali. Wazazi wengine wameuza mahindi ya msimu mzima kupata hiyo fedha. Ndiyo maana naandika.

Kompyuta moja hubeba tarehe nyingi. Muundo wake una mwaka uliotoka, namba yake ya siriali ina mwaka, bodi kuu ina tarehe yake, diski inahesabu saa zake, betri inahesabu mizunguko yake, na ganda la nje nalo lina alama za mikono iliyolishika. Kwenye mashine mpya kweli, hizo zote zinaelewana. Mtu anayeficha hufuta moja au mbili, zile anazojua mteja ataziangalia. Kwa hiyo mimi sihangaiki na dalili moja. Nazikusanya tarehe, naziweka pamoja, natafuta ile isiyoelewana na wenzake.

Ya kwanza unaweza kuiangalia kabla hujatoka nyumbani: jina la muundo. HP EliteBook 840 G3 ni ya mwaka 2016. G5 ni ya 2018, G6 ni ya 2019. Mtu anayekuuzia G5 leo na kukwambia imetoka kiwandani juzi anakudanganya, hata kabla hujaigusa. Kwenye prosesa, neno "Core i5" peke yake halikwambii umri, maana i5 zipo tangu 2009. Tazama namba inayofuata baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Muuzaji akisema "i5" halafu akanyamaza, mwombe amalizie.

Kuna binti mmoja wa shahada ya misitu aliniletea EliteBook 840 G5 iliyonunuliwa Kariakoo. Aliyeipakia alijua kazi yake. Boksi lilikuwa safi, mashine imevishwa karatasi laini, chaja imefungwa kwa uzi wake, mpaka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vilikuwemo. Kioo hakikuwa na hata mkwaruzo. Binti mwenyewe alikuja kuwekewa QGIS tu, hakuwa na wasiwasi wowote. Mimi jina la G5 ndilo lililonifanya niigeuze chini.

Namba ya siriali ya HP ina herufi na tarakimu kumi. Ya nne ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na mbili zinazofuata ni wiki. Ya kwake ilianza 5CG, ikafuata 8, kisha 34: wiki ya 34 ya mwaka 2018, yaani Agosti. Boksi lilikuwa na stika yenye siriali pia, lakini nyingine kabisa, haikulingana hata mwanzo wake. Hapo huhitaji ufundi wowote. Namba ziko mahali patatu, kwenye boksi, chini ya mashine na ndani ya BIOS, ile programu ya bodi kuu inayoamka kabla ya Windows, na zote tatu ni lazima ziwe moja. Kwenye Windows unaweza kuitoa ya ndani kwa kufungua PowerShell na kuandika Get-CimInstance Win32_BIOS. Isipolingana, au ikiwa tupu, ama bodi kuu imebadilishwa ama boksi si lake.

Namba hiyo ukiipeleka kwenye tovuti ya kiwanda, sehemu ya waranti, inakujibu papo hapo. HP, Dell na Lenovo wote wanayo huduma hii na ni bure. Dell wanaiita Service Tag, ni herufi na tarakimu saba. Utaona waranti ilianza lini na iliisha lini, na kwa baadhi utaona hata mashine ilitoka kiwandani na diski gani, RAM kiasi gani. Ya binti yule waranti ilishaisha mwaka 2021. Lakini usimhukumu muuzaji kwa miezi michache. Mashine mpya inaweza kukaa ghalani, ikasafiri baharini, ikakaa dukani, na waranti ikaonekana imeanza kabla hujalipa. Miezi mitano, sita, hiyo inaelezeka. Waranti iliyoanza na kuisha kabla hujamaliza kidato cha nne haielezeki.

BIOS ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu wauzaji wengi hawaifiki. Zima mashine, iwashe huku unabofya F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Kwenye HP za ofisini kuna mstari ulioandikwa "Born On Date", tarehe ya kuzaliwa kwake. Dell wana "Manufacture Date", tarehe ya kutengenezwa, na chini yake "Ownership Date", tarehe ya kumilikishwa. Angalia pia mstari wa "Asset Tag". Mashine mpya kwa kawaida huuacha wazi au huweka siriali yake yenyewe. Mashine iliyokuwa mali ya ofisi mara nyingi bado ina namba ya mali ya ofisi hiyo, aliyeisafisha hakukumbuka kuifuta. BIOS ikikuomba neno la siri usilopewa, irudishe siku hiyohiyo.

Kisha diski. Kila SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ina daftari lake la ndani. Programu ya CrystalDiskInfo inalisoma bila malipo, na ipo ile isiyohitaji kusakinishwa, unaibeba kwenye fleshi. Tafuta "Power On Hours" na "Power On Count", yaani imewashwa saa ngapi na mara ngapi. Mashine mpya huwa na saa chache tu, za majaribio ya kiwandani na za muuzaji kuweka Windows. Fanya hesabu: saa 8 kwa siku, siku za kazi kama 250 kwa mwaka, ni saa 2,000. Diski yenye saa 7,000 imekaa ofisini zaidi ya miaka mitatu. Tazama pia "Total Host Writes", jumla ya data iliyowahi kuandikwa humo. Terabaiti kumi kwenye mashine "mpya" hazikuingia zenyewe.

Ila saa chache hazimaanishi mashine ni mpya. Zinamaanisha diski ni mpya, au imerudishwa nyuma kama gari la mtumba lililorudishwa kilomita. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizotumika zilikuwa zinauzwa madukani kama mpya, rekodi zao za kawaida zimefutwa. Kilichowaumbua wauzaji ni rekodi nyingine ya ndani zaidi, inayoitwa FARM, ambayo hawakuigusa. Na hicho ndicho ninachokisema tangu mwanzo, hata huko walifuta tarehe moja wakaiacha ya pili.

Diski ya binti yule ilikuwa na saa mbili. Mbili tu. Lakini ilikuwa ya kampuni ambayo sijawahi kuikuta kwenye EliteBook iliyotoka kiwandani, na mashine yenyewe ni ya 2018. Diski mpya kabisa ndani ya mashine ya 2018 ni ushahidi kwamba mtu ameifungua.

Betri ni rahisi kuliko vyote. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakwambia faili limehifadhiwa wapi, lifungue kwa kivinjari. Unatafuta mistari mitatu. "Design Capacity" ni uwezo wa betri ilipobuniwa. "Full Charge Capacity" ni uwezo wake leo. "Cycle Count" ni mizunguko ya kuchaji. Betri mpya, namba mbili za kwanza hukaribiana sana, wakati mwingine ya leo huwa juu kidogo, na mizunguko ni sifuri au michache. Ukikuta betri ya mWh 50,000 inabeba 33,000 na mizunguko 400, hiyo imeshatumika vya kutosha. Baadhi ya mashine hazionyeshi mizunguko, zinaweka kistari tu, usishtuke. Na ile historia ya matumizi iliyo chini ya ripoti usiitegemee sana, kwa sababu Windows ikisakinishwa upya inaanza upya nayo. Uwezo na mizunguko ndivyo vinavyotoka kwenye betri yenyewe. Soma pia jina la mtengenezaji. Likiwa tupu au halieleweki, betri ni ya kubandika, si ya kiwanda, hata kama ni mpya.

Basi ya binti: betri mpya, diski mpya, kioo safi, boksi safi. Mtu angeangalia hivyo vinne tu angesema mashine ni mpya. Siriali na BIOS ndivyo vilivyokataa. Nikamwomba ruhusa niweke Windows upya, maana ile iliyowekwa ilikuwa na Office ya wizi na sikuipenda. Nikaiunganisha na intaneti wakati wa usajili, na badala ya kuuliza jina lake, kioo kikaleta nembo ya kampuni moja ya Ulaya na kumkaribisha aingie kwa barua pepe ya kazini. Sitaitaja kampuni hiyo, haina kosa kubwa zaidi ya kutoiondoa mashine kwenye orodha yake ilipoiuza. Mfumo huo unaitwa Autopilot. Kampuni husajili alama ya bodi kuu kwa Microsoft, kwa hiyo ukibadilisha diski, ukafuta kila kitu, mashine bado inajulikana ni ya nani mara tu inapopata intaneti. Muuzaji aliweka Windows bila intaneti, ndiyo maana hakuiona. Binti alikaa kwenye kiti akanyamaza, kisha akaniuliza, "Dada, kwa hiyo nimenunua ya wizi?" Nikamwambia hapana, haimaanishi imeibwa, inamaanisha ilikuwa ya ofisi na si mpya. Lakini nilielewa kwa nini aliogopa.

Hilo ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Ukiweza, Windows iwekwe upya mashine ikiwa na intaneti kabla ya kuondoka na risiti, maana kuizima na kuiwasha tu hakutoshi. Kwa wenye Mac ni hivyohivyo. Mac iliyokuwa ya kampuni ikifutwa na kuunganishwa huleta ukurasa wa "Remote Management". Na Apple wenyewe wanauza rifabishi waziwazi. Namba ya modeli ya Mac mpya ya dukani kwa kawaida huanza na M, ya rifabishi ya Apple huanza na F.

Ganda la nje nimeliacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalopambwa. Hata hivyo kuna sehemu zisizopambika. Washa tochi ya simu uelekeze kwenye matundu ya feni. Vumbi lililoganda kwenye mapezi ya shaba halitoki kwa kitambaa. Tazama midomo ya matundu ya USB, chuma chake hukwaruzwa kila kifaa kinapoingia. Tazama vichwa vya skrubu chini, bisibisi huacha alama inayong'aa. Miguu ya mpira ikiwa imegundishwa kwa gundi inayochungulia pembeni, imebandikwa upya. Mfuniko ukiwa na rangi nzito kuliko sehemu nyingine, angalia tundu la maikrofoni, mara nyingi rangi imeliziba.

Na kibodi. Mashine zilizotoka Ujerumani, Y na Z zimepishana mahali, na kuna herufi ö, ä, ü upande wa kulia. Zilizotoka Ufaransa, A na Q zimebadilishana. Wanabandika stika za herufi za Kiingereza juu yake, siku hizi stika nyembamba sana, nyingine zinachapwa moja kwa moja juu ya kitufe. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kitufe, kisha inamisha kibodi kwenye mwanga wa pembeni. Alama ya pauni juu ya 3 haikuthibitishii kitu, hata mashine mpya zinakuja huku na kibodi ya Uingereza.

Vilevile kukuta Windows imeshawekwa si ushahidi. Mashine nyingi mpya zinaingia nchini na FreeDOS, mfumo wa bure usio Windows, ili bei ipungue, na muuzaji anamwekea mteja Windows kama huduma. Boksi lililofunguliwa nalo si ushahidi, wengine wanafungua kuhakiki kabla ya kukabidhi, na wanafanya vizuri. Ila ukiona stika ya leseni ya Windows ina neno "Refurb", hiyo imejisema yenyewe.

Dukani usiingie na maneno makali. Sema tu, "Kaka, kabla sijalipa naomba niiwashe na kuikagua hapahapa." Muuzaji mwaminifu atakupa kiti na kukuchomekea chaja. Anayesema boksi likifunguliwa ndiyo umeshanunua, mshukuru, nenda duka la jirani. Kariakoo haina uhaba wa maduka. Beba fleshi yenye CrystalDiskInfo, simu yenye bando, na nenda asubuhi kabla ya msongamano, ili usikaguliwe wewe badala ya mashine.

Binti yule nilimprintia kila kitu: ukurasa wa waranti, picha ya BIOS, picha ya stika mbili za siriali zisizolingana, na picha ya ile nembo ya kampuni. Kaka yake alipanda treni ya SGR asubuhi, akaenda dukani na karatasi zake. Hakugombana na mtu. Alimwonyesha mwenye duka moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye ya nne walikuwa wameshaanza kuongea bei. Walirudishiwa fedha yote, wakanunua nyingine duka jingine, mtumba uliosemwa ni mtumba, na chenji ikalipia chumba.

Mwenye duka angekataa, kaka yule angeweza kwenda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na sheria hiyo inakataza kumpotosha mlaji. Lakini popote utakapokwenda watakuuliza risiti. Dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kwa kuwa mara nyingi bidhaa huiandika kwa jina fupi na bei tu, omba na ankara ya mkono yenye mhuri wa duka. Iandikwe muundo kamili wa mashine, siriali yake, na neno moja kati ya mawili, MPYA au ILIYOTUMIKA. Muuzaji akisita kuandika neno MPYA kwa mkono wake mwenyewe, usilipe. Na risiti ya EFD itoe kopi siku hiyohiyo. Ile karatasi huchapwa kwa joto, na baada ya miezi michache kwenye pochi haisomeki.